BARAZA LA UVUVI LIKUTANE MARA NGAPI?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wavuvi, wakulima na wazee wa kando ya Bwawa la Mindu, Morogoro)



Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika maneno ya mabaraza na kuyatunza, wala si kutupa nyavu. Kwa hiyo sitathubutu kuwafundisha wavuvi mambo ya samaki, maana mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Walakini liko jambo moja ambalo karani hulijua kuliko wengine, nalo ni tarehe. Yeye ndiye ajuaye baraza lilikutana lini, lilisema nini, na siku ngapi zilipita kabla neno lile halijatendwa au kusahauliwa. Na leo nataka kusema juu ya tarehe hizo.

Swali lililo mbele yetu ni hili: baraza la kuangalia uvuvi likutane mara ngapi? Wako wasemao ya kuwa mara moja kwa mwaka yatosha, kwani mikutano mingi hula fedha na siku za kazi. Wako wasemao likutane kila juma, kwa kuwa waharibifu hawapumziki. Tena wako wasemao pasiwe na siku iliyowekwa, bali likutane pakiwa na jambo. Kila mmoja ana sababu yake, wala si sababu za kipuuzi.

Jibu langu ni fupi, na maneno mengine yote nitakayosema ni kulieleza tu. Hesabu ya mikutano isitokane na ukubwa wa vyeo vya wajumbe, wala isitokane na wingi wa fedha za posho. Itokane na upesi wa madhara. Palipo na madhara yawezayo kutokea upesi, mikutano iwe ya karibu karibu; palipo na madhara ya polepole, mikutano iweze kuwa mbali mbali. Na hesabu hiyo ikiisha kukubaliwa iandikwe, isiachwe katika hiari ya mtu mmoja, hata akiwa mtu mwema.

HALI YA BWAWA LETU

Bwawa la Mindu ni kazi ya mikono ya watu. Mto Ngerengere ulizuiwa kwa tuta ili mji wa Morogoro upate maji, na hata leo sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka humo. Samaki ni faida ya pili: perege na kambale, ambao hulisha nyumba nyingi na kuwasaidia wazazi kusomesha watoto. Maji hayo hushuka kutoka milima ya Uluguru na vilima vya jirani kwa njia ya Ngerengere na vijito vyake, kama Mzinga na Mlali. Kwa hiyo mtu alimaye mteremkoni kando ya kijito ameshika mkononi mwake riziki ya mvuvi aliye bondeni, ingawa huenda hawajaonana kamwe. Udongo ukishuka, bwawa hujaa matope, kina hupungua, na mahali pa samaki kuzalia hufunikwa.

Kwa sababu hiyo wenye neno juu ya bwawa hili ni wengi. Wako wavuvi, wako wakulima, wako wenye mifugo. Iko mamlaka ya maji ya mji. Iko Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake makuu hapa hapa Morogoro. Ziko serikali za mitaa na maafisa uvuvi wake. Kila mmoja ana baraza lake na kalenda yake. Basi hatari yetu si kwamba hakuna wa kuangalia, bali kwamba kila mmoja aweza kumngojea mwenzake. Penye wengi wa kungojeana, siku iliyoandikwa ndiyo dawa, kwa kuwa siku haimngojei mtu.

KIPIMO CHA KWANZA: SAMAKI MWENYEWE

Nitaanza mbali kidogo ili tupate kulinganisha. Huko Kanada na Marekani iko kamati ya nchi mbili iliyoundwa kwa mapatano ya mwaka 1923 ili kumlinda samaki mmoja mpana wa bahari ya baridi aitwaye halibuti. Kamati hiyo hufanya mkutano wake mkuu mara moja kila mwaka, ikatazama hesabu za wataalamu, ikaamua ni kiasi gani kivuliwe. Mkutano mmoja mkuu kwa mwaka wawafaa, kwani halibuti ni samaki wa maisha marefu. Wengine hupita miaka 50. Mambo yake huenda polepole, na baraza lake laweza kwenda polepole pamoja naye.

Perege wetu si hivyo. Perege jike hubeba mayai na watoto wake kinywani mpaka wapate nguvu ya kuogelea, na mwana akitoka hapo hukua upesi, akaweza kuanza kuzaa mwenyewe akiwa na umri wa miezi michache tu. Maana yake ni kwamba, baina ya mkutano wa mwaka huu na mkutano wa mwaka ujao, kizazi kizima chaweza kuzaliwa, kukua, na kuvutwa chote pwani kwa kokoro kabla hakijazaa. Mtu akianza kuvuta kokoro, au kuvua kwa chandarua cha mbu, siku ya pili baada ya mkutano wa mwaka, anazo siku 364 kabla baraza halijakaa kusikia habari zake. Katika siku hizo wenzake watakuwa wameona faida yake, nao watakuwa wamenunua kokoro zao. Wakati huo baraza halitakuwa likimwonya mkosaji mmoja. Litakuwa likishindana na desturi mpya.

Tusidhani ya kuwa bwawa haliwezi kuishiwa. Wengi mmesikia habari za Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa katika mto Pangani katikati ya miaka ya 1960. Maji mapya yalijaa samaki, wavuvi wakahamia kwa wingi kutoka kila upande, na mwaka 1970 mavuno yalikuwa makubwa mno. Miaka michache tu baadaye yalikuwa yameporomoka. Bandubandu huisha gogo, na gogo la bwawa ni dogo kuliko gogo la bahari.

Walakini iko faraja katika jambo hilo hilo. Samaki azaaye upesi huharibika upesi, lakini pia hupona upesi akiachwa apumue. Kwa hiyo baraza likutanalo karibu karibu laweza kuona madhara yangali machanga, likafunga sehemu ya bwawa kwa miezi michache, likayaona matunda ya amri yake katika mwaka ule ule. Baraza la mara moja kwa mwaka halina nafasi hiyo.

KIPIMO CHA PILI: MAJIRA YA MVUA

Sisi wa Morogoro tuna vuli na tuna masika, na samaki wanazijua nyakati hizo kuliko sisi. Kambale, maji ya kwanza yakifurika, hupanda vijito na kuingia katika majani yaliyofunikwa na maji, ndiko atagako mayai. Siku hizo hukamatwa kwa urahisi kabisa, hata kwa fimbo na kapu, naye amejaa mayai tumboni. Siku hizo za hatari si nyingi, lakini yatendekayo ndani yake huonekana mwaka mzima.

Sasa fikirini baraza likutanalo mwezi Mei, masika yakiwa yanakwisha, likaamuru kwamba vijito visizibwe kwa mitego wakati wa mafuriko. Amri ni njema sana, lakini imekuja baada ya mgeni kuondoka. Mkutano huo ungalifanyika mwezi Februari, maneno yale yale, ya watu wale wale, yangaliokoa samaki wengi. Basi katika uvuvi haitoshi kuuliza mara ngapi. Hapana budi kuuliza pia lini.

Tazameni jambo lililotendeka katika Ziwa Tanganyika. Nchi zenye ziwa hilo ni nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na samaki wake hawajui mpaka. Kwa mapatano ya majirani hao, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti mwaka 2024, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Kuwaambia maelfu ya watu waweke nyavu chini kwa miezi mitatu si neno dogo. Mtu ahitaji kujua mapema, apate kulima, kutengeneza mtumbwi wake, au kutafuta kibarua. Amri ya namna hiyo ikitolewa ghafula huitwa dhuluma; ikitolewa mapema, baada ya kuzungumzwa, huitwa mpango. Na tofauti ya hayo mawili ni tarehe ya mkutano.

KIPIMO CHA TATU: MIOYO YA WATU

Kipimo hiki cha tatu hakimo katika vitabu vya samaki, lakini kimo katika historia ya milima yetu wenyewe. Mwaka 1950 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kuhifadhi udongo wa Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, na kuchoma moto mashamba kulikatazwa. Nia ya kuzuia udongo usishuke haikuwa mbaya, kwani hata leo twalia na udongo huo huo ndani ya mabwawa. Lakini kazi ilikuwa ngumu, na watu waliona ya kuwa mahali pengi matuta yalifukua udongo usio na rutuba na kufukia ule mwema. Walinung'unika, na manung'uniko yao hayakupata baraza la kuyapokea na kuyatendea jambo. Mwaka 1955 yalitokea machafuko huko Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Baada ya hapo kulazimisha matuta kuliachwa.

Sisemi haya ili kufufua uchungu wa zamani. Nasema ili tujifunze jambo moja: baraza lisilosikia kidogo kidogo litasikia yote kwa siku moja. Malalamiko ni kama maji ya mlimani. Yakipewa mfereji kila mwezi, hupita bila kubomoa. Yakizuiwa mwaka mzima, huja na mawe na miti. Mvuvi aliyenyang'anywa wavu wake, akiona mwenziwe wa jirani hakunyang'anywa, hawezi kungoja mkutano wa mwaka ujao ili aulize kwa nini. Ataliuliza swali hilo mahali pengine, tena kwa sauti nyingine.

MADHARA YA KUKAWIA

Wako wasemao: mikutano ya nini, na sheria ipo? Yawatosha maafisa kuishika. Kwa hao nitaleta mfano wa Ziwa Viktoria, maana huko sheria ilikuwepo zamani.

Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu wa Kiingereza, Bwana Michael Graham, alilipima ziwa hilo na samaki wake, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1929. Aliona ya kuwa ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alikuwa akipungua mahali palipovuliwa sana. Alishauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, tena kiwepo chombo kimoja cha kuliangalia ziwa lote, kwa kuwa liligawanyika katika nchi tatu. Sheria ya matundu ilipatikana. Lakini Idara ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria, iliyohusu nchi zote tatu, haikuanza kazi mpaka mwaka 1947. Hesabuni wenyewe: ni miaka 18 tangu taarifa mpaka chombo. Katika miaka hiyo nyavu ziliongezeka, na nyavu zenye matundu madogo zilipita kwa siri. Katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda ziliiondoa sheria ya inchi 5, na Kenya ikafuata baadaye. Ngege hakurudi katika wingi wake wa kwanza.

Sheria ile haikukosa maneno. Ilikosa macho na masikio ya kuifuata mwezi kwa mwezi. Sheria ni kama wavu ulioanikwa: usiposhonwa kila utobokapo, siku moja utautupa majini na kuvuta maji matupu.

MADHARA YA KUZIDISHA

Je, basi tukutane kila juma? La, ndugu zangu, na hapa nawaunga mkono wale waogopao mikutano. Tufanye hesabu. Kamati ya watu 12 ikikutana kila juma, hutumia siku za kazi 624 kwa mwaka. Ikikutana kila mwezi, hutumia siku 144. Ikikutana kila miezi mitatu, hutumia siku 48 tu. Siku hizo si hewa. Ni siku za mtu kutokwenda kuvua wala kulima. Mikutano ikizidi, wenye kazi huacha kuja, wakabaki wale wapendao posho na maneno. Hapo baraza hukutana mara nyingi, lakini wavuvi hawamo.

Liko tena kosa jingine: baraza likutanalo kila mara hubadili amri zake kila mara. Leo lasema nyavu hizi zaruhusiwa, juma lijalo zakatazwa. Mvuvi aliyenunua wavu kwa kukopa hajui ashike neno gani. Amri yahitaji muda wa kufanya kazi kabla haijahukumiwa kuwa ni njema au mbaya.

Wakristo na Waislamu pia wazijua habari za Nabii Musa. Katika Kitabu cha Kutoka imeandikwa jinsi alivyokaa peke yake kutoka asubuhi hata jioni, akisikiliza mashauri ya watu wote, mpaka mkwewe Yethro akamwonya ya kuwa atachoka yeye na watu wake. Alimshauri aweke wakuu wa makumi, wa hamsini, wa mamia na wa maelfu. Mambo madogo yaamuliwe na hao, na makubwa yaletwe kwake. Shauri hilo latufaa sana. Swali letu lina shida kwa kuwa twadhani ya kuwa baraza ni moja, na hesabu ni moja. Tukigawa mambo, kila ngazi yaweza kuwa na hesabu yake.

Ndivyo ilivyo hata katika Ziwa Viktoria siku hizi. Kwa mkataba uliotiwa sahihi Kisumu mwaka 1994, Kenya, Tanzania na Uganda ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja. Juu liko baraza la mawaziri, chini yake makatibu wakuu, kisha wakurugenzi wa uvuvi na wataalamu, na huku chini mialoni viko vikundi vya wavuvi wenyewe, ambavyo watu huviita BMU. Waziri hawezi kuja mwaloni kila mwezi kupima matundu ya wavu, wala kikundi cha mwaloni hakiwezi kuamua mambo ya nchi tatu. Kila mmoja ana kazi yake na majira yake.

SHAURI LANGU

Baada ya hayo nawawekea mbele yenu shauri lenye sehemu tano, mlichambue na kulirekebisha.

Kwanza, kamati ndogo ya wavuvi ya kila mwalo ikutane mara moja kila mwezi, kwa muda usiopita saa mbili. Kazi yake iwe ni kutazama nyavu, kusikia malalamiko, kuandika samaki waliopatikana, na kupeleka habari juu. Mwezi mmoja ni mfupi kuliko muda wa perege kukua na kuzaa. Madhara yatakutwa yangali madogo.

Pili, mkutano wa wavuvi wote uwe kila miezi mitatu. Hesabu hii si ngeni kwetu. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa desturi ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, huwa kila miezi mitatu, na watu wamekwisha kuizoea. Hapo kamati itoe habari ya kazi yake, na hesabu za faini na za michango zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Fedha isiyosomwa huzaa maneno.

Tatu, baraza kubwa la bwawa lote, la wavuvi, wakulima wa juu mlimani, wenye mifugo, watu wa maji na maafisa uvuvi, likutane mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza iwe Februari, kabla ya masika, kuamua mahali pa kufunga na wakati wa kufunga, na kukumbushana juu ya mita 60 za kando ya maji ambazo sheria yakataza kuziharibu. Mara ya pili iwe Juni au Julai, maji yakiisha kutulia, kutazama kama yale yaliyoamuliwa yalitendeka.

Nne, iwepo njia ya kuita mkutano wa dharura katika muda wa siku 7, wakitaka theluthi moja ya wajumbe. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza samaki wa Ziwa Viktoria zisiingie kwao, kwa kuwa ilisikika ya kuwa watu fulani walivua kwa sumu. Wavuvi wengi wasio na kosa waliona riziki yao ikikatika kwa ajili ya uovu wa wachache. Sumu haingoji tarehe. Sisi hapa watu hunywa maji ya bwawa hili. Habari ya utupa au ya dawa za shamba kumwagwa majini haiwezi kulala mpaka mwisho wa mwezi. Lakini mkutano wa dharura usihesabiwe badala ya ule wa kawaida, maana ndipo mikutano ya kawaida hufa.

Tano, tarehe zote za mwaka zichaguliwe mapema na kubandikwa mwaloni, misikitini, makanisani na sokoni, tena zichaguliwe kwa kuangalia kazi za watu. Wavuvi wa dagaa wa maziwa makubwa huvua kwa taa usiku wa giza, nao hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Kwao mkutano wa wakati wa mbalamwezi haumpotezei mtu chochote. Nasi tutafute mbalamwezi yetu: siku isiyo ya soko, isiyo Ijumaa wala Jumapili, isiyo ya kupanda wala kuvuna. Siku nzuri huleta watu kuliko posho nono.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Najua mtu ataniuliza: wakubwa wasipokuja je? Namjibu: akidi iandikwe, nusu ya wajumbe, na wakitimia mkutano uendelee. Mkubwa asiyeweza kuja alete mtu wa kumwakilisha, mwenye ruhusa ya kukubali na kukataa. Mkutano uliovunjika kwa sababu ya mtu mmoja huwafundisha wengine wote ya kuwa wao si kitu.

Mwingine atauliza: tukikutana kila mwezi na hakuna jambo, tutasema nini? Namjibu: mtafungua daftari, mtasoma yaliyoagizwa mwezi uliopita, mtauliza nani alipaswa kutenda, na ametenda? Kama yote yametendeka na hakuna lalamiko, mtaandika hivyo na kwenda zenu katika nusu saa. Hiyo nusu saa si hasara. Miezi 12 ya kuandika ya kuwa hakuna kokoro ni ushahidi mkubwa, na mwezi wa kumi na tatu kokoro ikionekana kila mtu atajua ya kuwa ni jambo geni, si desturi.

Wa tatu atasema: mikutano haivui samaki. Ni kweli. Wala mkutano haumlindi samaki, bali watu ndio wamlindao. Kwa hiyo neno lolote lisiandikwe daftarini bila jina la mtu wa kulitenda na tarehe ya kulimaliza. Mimi karani naweza kuwaambia ya kuwa maazimio yasiyo na jina la mtu hukaa daftarini raha mustarehe, hayaugui wala hayafi, na hayafanyi kazi.

Ndugu zangu, jambo lililo hatarini hapa si kalenda. Ni maji ambayo watoto wa Morogoro hunywa, na kitoweo cha nyumba nyingi, na amani baina ya mtu wa mlimani na mtu wa bondeni. Mambo hayo matatu hayaharibiki kwa siku moja yenye kelele. Huharibika katika siku za kimya, pale ambapo kila mtu hudhani ya kuwa baraza lipo, na kumbe baraza halijakutana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa bwawa hatuna uwezo wa kuujenga mara ya pili.

Naomba basi kabla hatujaondoka mahali hapa, Bwana Mwenyekiti atuulize swali moja tu: kamati itakutana tarehe ngapi mwezi ujao? Jibu likipatikana, karani yupo, na kalamu ina wino.